Maji Yaliyopita Ubao: shajara ya mradi wa tahadhari ya mafuriko, Mto Pangani

12 Februari 2025

Masika yanabisha hodi na sisi bado tuko kwenye madaftari.

Kwa anayeingia leo: mradi wetu ni mdogo na haukusudii kutabiri mvua. Utabiri wa hali ya hewa kwa umma ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na hatuna nia ya kuingilia shamba lao. Tunachotafuta ni hiki: mvua ikishanyesha Usambara na Upareni, mtu wa Pangani mjini au wa Bweni ng'ambo ajue mapema maji yatamfikia wapi na saa ngapi. Katika hesabu hiyo ndipo tunapotumia akili mnemba.

Mifumo mikubwa ipo tayari, na ni ya bure. Google wana Flood Hub, inayotabiri mafuriko ya mito hadi siku saba mbele. Ulaya kuna GloFAS, mfumo wao wa kutabiri mafuriko ya mito duniani. Wa Google umejengwa juu ya mtandao wa neva wa aina ya LSTM, wazo la Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber la mwaka 1997: mashine inasoma mvua ya siku moja baada ya nyingine na kujifunza ipi ya kukumbuka na ipi ya kusahau, maana ardhi iliyolowa wiki iliyopita hainywi tena maji kama ile iliyokauka. Mwaka 2024 watafiti wao walichapisha katika jarida la Nature kwamba mfumo uliofunzwa kwa takwimu za vituo 5,680 duniani unaweza kutabiri hata kwenye mto usio na kipimo chochote, na kwamba utabiri wake wa siku tano mbele hauachwi na ule ambao GloFAS inautoa kwa siku ya leo tu. Si jambo dogo kwa mto kama wetu.

Tatizo ni kwamba Pangani si mto wa kawaida. Juu kabisa, maji ya Kilimanjaro na Meru yanazuiwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Chini ya bwawa unaingia Mkomazi, halafu Luengera pale Korogwe, yote ikiteremka na maji ya milima ya Pare na Usambara, na hapo hakuna wa kuyashika. Mitambo ya Hale (megawati 21) na Maporomoko ya Pangani (megawati 68) inazalisha umeme, lakini mabwawa yake ni madogo. Mafuriko ya kweli yanapita tu. Na mwisho kabisa kuna bahari, ambayo ina ratiba yake na haimsikilizi mtu.

20 Februari

Tumeruhusiwa kupiga picha madaftari ya geji ya kituo kimoja kati ya Korogwe na Hale. Geji ni ubao wenye namba uliosimikwa mtoni. Msoma geji anashuka asubuhi na jioni, anasoma, anaandika. Safu ya tarehe, safu mbili za vipimo, na safu ya maoni, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. "Mvua kubwa Lushoto." "Ubao umelala." "Sikushuka, mamba yuko gejini."

Tunatumia programu ya kusoma mwandiko kugeuza picha kuwa namba. Inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, ila inachanganya moja na saba, na pale karatasi ilipolowa inabuni. Kijana wetu wa takwimu alileta dawa ya kawaida ya usafi wa data: namba yoyote inayoruka ghafla ifutwe. Nikamkatalia. Mafuriko nayo ni namba inayoruka ghafla. Tukianza kufuta miruko tutabaki na mto mpole ambao haupo. Tumekubaliana kila mruko uangaliwe na macho ya mtu, picha upande huu, namba upande ule. Kazi inachosha, hasa mchana wa joto na feni ya ofisi ikiwa imegoma.

Leo jioni tulifika Oktoba 2019. Wa Tanga hawahitaji kukumbushwa: ni ile vuli ambayo Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kiasi, mvua zikaponda Handeni na Korogwe. Nilitaka sana kuona mto ulifika wapi. Kwenye safu ya vipimo kuna mstari. Kwenye maoni: "Maji yamepita ubao." Siku iliyofuata mstari tena: "Ubao hauonekani." Halafu: "Ubao umechukuliwa." Baada ya hapo kurasa tupu hadi ulipopigwa ubao mwingine.

6 Machi

Tangu Ramadhani ianze tunakutana baada ya tarawehe, na kusema kweli ndio wakati mzuri; watu wamekula, kichwa kimetulia.

Nimekuwa nikiifikiria ile mistari ya Oktoba 2019. Kwa kompyuta, mstari ni pengo, na programu nyingi hujaza pengo kwa wastani wa siku za jirani. Yaani siku mbaya kuliko zote katika daftari zima inaandikwa kama siku ya katikati. Ukiifunza mashine kwa takwimu hizo, itajifunza kwamba mto huu haujawahi kuzidi kimo cha ubao. Itakuwa hodari wa kutabiri maji ya kawaida, na siku yenyewe itakapofika itasema "mita tatu" kwa kujiamini wakati maji yako sebuleni.

Na haiko hivi kwetu tu. Siku zinazokosekana kwenye takwimu za maafa hazikosekani kwa bahati. Kipimo kinasombwa na kile kile ulichotaka kukipima. Umeme unakatika, mnara wa simu unazima, msoma geji anahamisha watoto. Hata mifumo mipya ya hali ya hewa inayosifiwa ina ukomo wa aina yake. GraphCast ya Google DeepMind, inayotoa utabiri wa siku kumi chini ya dakika moja, ilifunzwa kwa rekodi za kuanzia 1979. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichoivuruga Unguja na kuipiga Bagamoyo hakimo humo. Mwaka jana, Mei 2024, Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, wengi walisema vimbunga si vya kwetu. Ni vya kwetu, ila huja mara chache, na kitu cha mara chache ndicho mashine isichokifahamu.

Tulichoamua: pale palipoandikwa "maji yamepita ubao" hatuweki namba ya kubuni wala hatuachi pengo. Tunaiambia mashine kwamba siku hiyo maji hayakuwa chini ya kilele cha ubao. Yalikuwa hapo au zaidi. Kila inapokisia chini ya hapo inaadhibiwa, ikikisia juu inaachwa. Wanatakwimu wanaijua mbinu hii zamani, lakini kuiona ikibadilisha mchoro mbele ya macho yako ni raha yake: kilele kilichokuwa bapa kikaanza kuchongoka.

Kuchongoka hadi wapi, hilo mashine haiwezi kujua peke yake. Itabidi tukaulize kuta.

15 Machi

Kuta baadaye. Kwanza satelaiti, maana wafadhili wanazipenda.

Sentinel-1 ya Ulaya inapiga picha kwa rada, na rada inapenya mawingu usiku na mchana. Maji yaliyotulia yanaonekana meusi, kwa sababu yanaakisi mawimbi ya rada kwenda upande mwingine na hayarudi kwenye chombo. Programu za akili mnemba za kuchora mafuriko zinafuata kanuni hiyo: cheusi ni maji. Kwenye mashamba ya mpunga kule Mombo inafaa. Huku chini, kando ya mto kuna minazi na mikoko, na maji yakiwa chini ya miti mawimbi yanagonga maji, yanagonga shina, yanarudi kwa wingi kwenye chombo. Picha inang'aa badala ya kuwa nyeusi, na programu inaandika "pakavu".

Mnazi una udanganyifu wa pili. Ramani za miinuko tunazotumia wote, zile za chombo cha Marekani cha mwaka 2000, zilipimwa kwa rada iliyogota kwenye majani, siyo kwenye udongo. Kwa hiyo shamba la minazi lililo karibu sawa na bahari linaonekana kama kilima, na mafuriko ya kwenye kompyuta yanalizunguka kwa heshima. Tumehamia ramani ya FABDEM ya Chuo Kikuu cha Bristol, ambayo imetumia akili mnemba kuondoa miti na majengo. Bora zaidi, ingawa si kamili.

Na jambo la kalenda: chombo kimoja cha Sentinel-1 hurudi kwenye njia ileile kila baada ya siku 12. Maji ya mto wetu yanaweza kuja na kuondoka katikati ya mapito mawili bila kupigwa picha hata moja.

23 Machi

Tumezunguka na mpira wa maji. Ni ule mpira mwembamba unaong'aa ambao mafundi waashi hutumia kusawazisha msingi: unaujaza maji, ncha moja kwenye alama ya ukutani, nyingine kwenye pointi inayojulikana, basi. Hauhitaji chaji. Vifaa vyetu vya gharama vilibaki kwenye begi karibu siku nzima.

Kugumu ni kueleza. Barabara ya pwani na daraja vinajengwa, kwa hiyo mtu akiona kijana na futi ukutani kwake anawaza mambo mawili: X nyekundu au fidia. Bibi mmoja karibu na mto alitusimamisha mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnanipimia nyumba ili iweje?"

Tukaeleza: tunataka kujua maji yalifika wapi zamani. Akatutazama kwa muda. "Yapi? Maana yamekuja zaidi ya mara moja, mjukuu wangu." Akatupitisha hadi ua wa nyuma. Kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe kuna mahali chokaa imeliwa kwa mstari ulionyooka. Hayo, alisema, ya El Niño, yaani mvua za 1997/98. Ya miaka ya karibuni yapo chini zaidi, na akaonyesha kwa kiganja kwenye mguu wa kabati, mbao zilipovimba. Kisha akatoa jambo ambalo hakuna daftari linalo: yale ya El Niño yalikuja taratibu na yakakaa, haya ya karibuni yalipanda usiku na kufika alfajiri yameshashuka.

Kupanda usiku na kushuka alfajiri si tabia ya mto mrefu hivi. Hiyo ni bahari.

1 Aprili, Idi pili

Idi mubarak kwa wote. Kwa kuwa Idi el Fitri huja na mwezi mwandamo, huja pia na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, kila mwaka bila kukosa, na bamvua ya mwezi huu ni ya zile kubwa za karibu na Machi 21, jua linapokuwa sawa na ikweta. Jana saa kumi jioni maji yalikuwa yamejaa hadi ukingo, watoto na nguo zao mpya wakiyachungulia, pantoni imepanda juu kuliko kawaida na magari yanaingia kwa tabu.

Jambo hili kila nahodha anajua na mifumo hii ya mito ya dunia nzima hailijali: pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi. Saa kumi jioni na saa kumi usiku. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hufika karibu mita nne. Mto ukiwa umeshiba na ukafika mdomoni wakati huo, hauna pa kutokea. Unarudi nyuma na kupanda kwenye nyumba. Ukifika siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, mzigo uleule wa maji unapita bila mtu kujua. Hivyo hatari kubwa ya Pangani ina tarehe zake: siku chache baada ya mwezi mpya na baada ya mwezi mpevu, na saa yake mbaya ni saa kumi usiku, watu wamelala.

Flood Hub inatabiri mto. Jedwali la kujaa na kupwa linatabiri bahari, kwa hesabu ambayo haihitaji akili mnemba yoyote. Mfumo wetu mdogo unachukua vyote viwili, pamoja na usomaji wa geji wa asubuhi, na kujifunza tofauti inayobaki. Ni msitu wa miti ya maamuzi tu, yaani maswali mengi ya ndiyo au hapana ambayo majibu yake yanajumlishwa, unaendeshwa na kompyuta ya mezani. Baada ya kuongeza saa ya bamvua, makosa yake hapa mjini yalipungua kuliko kwa jambo lingine lolote tuliloongeza tangu tuanze.

24 Aprili

Kikao na kamati ya maafa ya kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati hizi, na nimefurahi kuona wajumbe waliokuja ni wale wanaoamshwa usiku kweli.

Nilikwenda na swali moja. Mashine haisemi "maji yatakuja". Inasema kuna uwezekano wa kiasi fulani. Tuseme tukiwaamsha mara kumi, mtakubali kuamka bure mara ngapi?

Nilidhani tutapata jibu moja. Mama lishe wa gatini alisema yeye kuhamisha unga, mkaa na masufuria ni nusu saa, aamshwe hata mara saba bure, hana kinyongo. Mwenye duka la simenti akaruka: kwake kuhamisha ni gari, vibarua na siku nzima, na mfuko ukipata unyevu umekuwa jiwe. Akihamisha bure mara mbili, ya tatu hatasikia hata mkimwapia. Lakini yeye anataka kuambiwa mapema zaidi kuliko mama lishe. Mvuvi mmoja akasema mbona hamtuulizi sisi, mto ukileta magogo nyavu zinakwisha hata kama hakuna nyumba iliyolowa.

Basi kiwango kimoja cha tahadhari kwa mji mzima hakifai. Tumekubaliana juu ya ujumbe wa aina mbili: wa mapema, wenye mashaka, kwa wenye mizigo mizito na wenye nyavu, na wa karibu, wenye uhakika, kwa kila mtu. Rangi hatubuni. TMA wana angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, watu wameshazizoea, na tukianza kuleta zetu tutawachanganya.

Mwenyekiti aliongeza sharti nililolipenda: mashine isitume chochote yenyewe. Ujumbe upite kwa mtu wa zamu, asome, aseme ndiyo. Kutoka hapo kipaza sauti cha msikiti, redio ya jamii na simu za wenyeviti. Niliuliza zamu ya saa kumi usiku nani ataishika. Kimya. Halafu muadhini akasema, "Mimi niko macho saa hizo hata bila nyinyi."

15 Mei

Jaribio la kwanza la kweli. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12, milimani kulinyesha mfululizo, Luengera ukabadilika rangi. Mfumo ulionyesha maji yangepanda hadi kwenye vibanda vya gatini alfajiri ya jana. Ujumbe wa mapema ukatoka kwa wenye mizigo. Mwenye simenti hakuhamisha. Alipanga mifuko juu ya mbao, jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria kama chaguo.

Usiku kifaa cha mawimbi ya sauti tulichofunga chini ya gati kikaonyesha maji yameruka ghafla zaidi ya nusu mita. Mtu wa zamu aliona, akashtuka, lakini kabla ya kusema ndiyo akampigia muadhini. Muadhini akatoka na tochi. Kulikuwa na mtumbwi umefungwa chini ya kifaa. Kilikuwa kinapima sakafu ya mtumbwi. Sharti la mwenyekiti limejilipa usiku wa kwanza.

Maji yenyewe yalifika kwenye vibanda, yakalowesha miguu ya meza, yakashuka. Mfumo ulikuwa umekisia juu kidogo. Mama lishe alikuwa ameshahamisha na saa moja asubuhi anauza chai.

Mtumbwi haujakatazwa kufungwa pale. Pale ndipo pake. Kifaa ndicho kitakachohama.

20 Juni

Kiangazi. Kusi limekaza, mto umetulia.

Ubao mpya wa kituo cha juu umepigwa, na safari hii uko vipande viwili: wa chini mtoni kama kawaida, wa pili juu ya ukingo, umefungwa kwenye mti mkubwa, ili maji yakipita wa kwanza yakutane na wa pili. Msoma geji anaweza kuusoma kwa mbali bila kushuka kwa mamba. Tumempa simu apige picha badala ya kuandika tu. Daftari linaendelea vilevile, kwa wino.

Fedha. Umoja wa Mataifa umesema kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari za mapema kufikia mwisho wa 2027, na maombi ya vifaa yanapita kirahisi. Tumepewa nafasi ya kuomba kompyuta kubwa ya kufunzia mifumo. Nimeandika kwamba hatuihitaji, na badala yake nikaomba posho ya wasoma geji wanne kwa misimu mitatu, mbao za akiba na misumari. Jibu limerudi: posho haimo kwenye fungu la teknolojia. Nimejibu kwamba bila hao mashine haina cha kujifunza, nikaambatanisha picha ya ule ukurasa wa Oktoba 2019.

Kikao kijacho ni mwezi wa nane. Vuli inaanza Oktoba, na posho iliyopo inaishia Septemba.